Staa wa kava: namna ya kumtumia mwigizaji maarufu kuuza filamu yako

Siku ya uzinduzi wa filamu yangu ya pili, mwenye sura kubwa kuliko zote kwenye posta alikuwa Mwanza. Mimi nilikuwa Dar es Salaam, mlangoni mwa ukumbi, nikiwaambia watu waliolipa tiketi kwamba "yuko njiani". Hakuwa njiani. Alikuwa amekodiwa kuwa MC wa harusi, na haki ya kwenda alikuwa nayo, maana nilimlipa fedha yake yote siku tuliyomaliza kushuti, na kwenye karatasi tuliyosaini hapakuwa na neno hata moja kuhusu uzinduzi. Nilichokuwa nacho ni "kaka, tuko pamoja" ya kwenye simu.

Mwongozo huu ni wa prodyuza mwenye bajeti ndogo, awe Dar, Mombasa, Zanzibar au Bujumbura, anayetaka kumweka staa kwenye filamu ili iuzike. Mifano mingi nimeitoa Hollywood kwa sababu kule biashara hii ina zaidi ya miaka 100, na makosa yake karibu yote yameshafanywa kwa gharama za wengine. Fedha zao hatuna. Ila ukichunguza utaona kwamba mengi wanayofanya yanahitaji karatasi, ratiba na mtu mmoja asiyeona haya kukumbusha watu.

Hatua ya 1: Jua unachonunua

Sinema ilipoanza kukua Marekani, kampuni nyingi hazikuwataja waigizaji kwa majina. Ziliogopa kwamba wakijulikana wataomba nyongeza, na hofu hiyo ilikuwa na msingi wake. Alikuwepo dada mmoja, Florence Lawrence, ambaye watazamaji walimjua tu kama "Msichana wa Biograph", yaani kwa jina la kampuni iliyomwajiri. Carl Laemmle, mwenye kampuni ya IMP, akamchukua. Mwanzoni mwa 1910 habari zikaenea kwamba dada yule amekufa, amegongwa na tramu. Laemmle akalipia tangazo kwenye jarida la biashara ya filamu akiukana "uongo" huo kwa ukali: yu hai, yuko kwetu, na jina lake ni hili. Kisha akampeleka mji wa St. Louis, watu wakafurika kumwona kwa macho. Wengi walioandika historia ya sinema wanaamini kwamba habari ya kifo ilitoka kwa Laemmle mwenyewe. Kwa Kiswahili cha leo, ile ilikuwa kiki.

Tazama alichofaidi Laemmle. Uigizaji wa Florence ulikuwa ule ule wa Biograph. Kilichoongezeka ni jina kutajwa na safari ya kwenda kuonekana. Mpaka leo studio inapomlipa staa mamilioni ya dola, sehemu kubwa ya malipo hayo ni ya vitu hivyo viwili.

Staa anakupa mambo matatu. Anawafanya watu wajue kwamba filamu yako ipo duniani, na hilo peke yake ni nusu ya kazi. Anampa moyo mwenye fedha: msambazaji, kituo cha televisheni, mdhamini. Na anakufungulia redio na magazeti bila kulipia, kwa sababu mtangazaji atamkaribisha staa studioni hata kama hajali filamu yako hata kidogo. Hakupi wiki ya pili. Wiki ya pili wanaitengeneza watu waliotazama wiki ya kwanza, wakarudi mtaani wakasimulia.

Waliokuwa kwenye Bongo Movie enzi za VCD wanalijua hili bila kusomeshwa. Ulipopeleka kazi Kariakoo, msambazaji alianza na kava. Kama pale hakuna sura anayoijua muuza duka wa Tandika au wa Mbeya, habari ya kuiangalia hiyo filamu yenyewe ilikuwa haipo. Steven Kanumba aliielewa biashara hii mapema kuliko wengi wetu. Alimleta Ramsey Nouah wa Nigeria wakaigiza pamoja katika Devil Kingdom, na kwa uso mmoja tu akawa amegonga hodi kwenye soko la watu ambao hawajui Kiswahili. Alipofariki Aprili 2012, umati uliomzika ulionyesha kwamba watu walikuwa wakinunua kitu kikubwa kuliko hadithi.

Hatua ya 2: Mchague kwa watu wake

Kosa la kawaida ni kufungua Instagram, kuangalia idadi ya wafuasi, na kupiga simu. Wafuasi ni watazamaji wa bure. Wengine wanamfuata ili wamtukane. Unachotafuta ni watu ambao wameshawahi kutoa fedha mfukoni kwa ajili yake: walilipa kiingilio, walinunua nguo aliyotangaza, walilipia king'amuzi ili waone tamthilia yake.

Mimi hufanya hivi. Nachukua picha za waigizaji wanne ninaowafikiria, nazitoa chapa za kawaida, naenda sehemu tatu: saluni ya kike, kijiwe cha bodaboda, na kibanda umiza kimoja, yaani banda la kuonyeshea filamu. Nauliza swali moja, "Huyu umemwona wapi mara ya mwisho?" Simwulizi mtu kama anampenda, maana akiulizwa hivyo kila mtu atasema anampenda. Anayetaja jina la tamthilia na kuanza kunisimulia kisa, huyo ni mteja. Anayesema "huyu si yule aliyegombana na nani hii", huyo anajua ubuyu tu, na ubuyu hauna kiingilio. Saa tatu za kuzunguka zimewahi kuniokoa na mwigizaji ambaye angemeza theluthi ya bajeti yangu.

Halafu jiulize staa anakaa wapi ndani ya filamu. Si lazima awe mhusika mkuu. Superman ya mwaka 1978 ndiyo darasa lenyewe. Aliyecheza Superman alikuwa kijana asiyejulikana, Christopher Reeve. Hakuna benki inayokopesha kwa jina la kijana asiyejulikana. Kabla hata ya kumpata Reeve, watayarishaji walikuwa wameshakubali kumlipa Marlon Brando dola milioni 3.7 pamoja na fungu la mapato ili acheze baba yake Superman, na kwenye filamu yote Brando haonekani hata dakika 20. Jina lake likawekwa la kwanza, la Gene Hackman la pili, la Reeve mwenyewe la tatu. Wakubwa wawili waliibeba filamu mpaka ilipofika kwa watazamaji, na baada ya hapo Reeve akatembea kwa miguu yake.

Kwa bajeti zetu hesabu hii ni tamu. Staa wa siku mbili za kushuti anagharimu sehemu ndogo ya staa wa siku 20. Mpe mhusika mdogo mwenye uzito, kama baba mkwe, hakimu, mganga au tajiri anayerudi kutoka Oman, mtu ambaye akitoka kwenye sini bado wahusika wengine wanamzungumzia. Kijana wako mpya abebe hadithi.

Hatua ya 3: Mkataba uandike siku

Hapa nitakaa sana, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia.

Mwaka 2023 chama cha waigizaji wa Marekani, SAG-AFTRA, kiligoma kuanzia tarehe 14 Julai hadi 9 Novemba. Masharti ya mgomo hayakuzuia kuigiza tu. Yalizuia pia kutangaza: hakuna mahojiano, hakuna zulia jekundu, hakuna posti kuhusu filamu ya studio iliyogomewa. Jioni ya kuamkia mgomo, waigizaji wa Oppenheimer walikuwa London kwenye uzinduzi, wakapiga picha zuliani, kisha wakaondoka kabla filamu haijaanza. Sasa linganisha filamu mbili. Barbie, ambayo Margot Robbie alikuwa ameshaizungusha dunia kabla ya mgomo kuanza, ilitoka Julai ile ile kama ilivyopangwa. Dune: Part Two, iliyokuwa itoke Novemba 2023, ikasukumwa hadi Machi 2024. Sababu kubwa ni kwamba Zendaya, Timothée Chalamet na wenzao wasingeweza kuitangaza. Studio ile ilikuwa na trela, mabango na fedha za matangazo ambazo sisi tunaziota tu. Bado iliona afadhali kusubiri miezi minne kuliko kutoka bila waigizaji kuongea.

Kwa hiyo unapozungumza bei na staa, zungumza vitu viwili mbalimbali: siku za kushuti na siku za kutangaza. Andika zote kwenye karatasi moja, kabla hujalipa hata shilingi. Hivi ndivyo ninavyoandika mimi sasa:

Siku za kutangaza ni nne. Moja ya kupiga picha za posta, moja ya mahojiano, moja ya uzinduzi, moja ya akiba. Tarehe ya uzinduzi ikiwa bado haijulikani, andika kwamba utamjulisha siku 30 kabla, naye hatachukua kazi nyingine siku hiyo.

Posti ni ngapi, kwenye akaunti zipi, zikae kwa muda gani bila kufutwa. Usiandike "atashirikiana kwenye matangazo". Sentensi hiyo ndiyo iliyompeleka yule wangu Mwanza. Na usione vibaya staa akidai malipo ya posti. Gazeti la Variety liliwahi kuripoti kwamba Dwayne Johnson anadai fedha ya pembeni, inayoanzia dola milioni, kwa ajili ya kutangaza filamu kwenye kurasa zake mwenyewe. Ukurasa wake ni mali yake, kama vile mwenye ukuta wa barabarani anavyokutoza ukitaka kupaka tangazo lako.

Nauli, malazi, mtu wa vipodozi, mavazi ya uzinduzi: nani analipa? Ugomvi mwingi niliouona haukuhusu malipo makubwa. Ulihusu elfu 60 ya nywele, saa moja kabla ya kwenda redioni.

Malipo yagawe. Mimi hutoa asilimia 40 kwenye kusaini, 30 siku ya mwisho ya kushuti, na 30 asubuhi baada ya uzinduzi. Wengine watakataa. Anayekataa kabisa fungu la mwisho lisubiri uzinduzi amekuambia jambo la maana, msikilize.

Jina lake likae wapi na kwa ukubwa gani. Unaweza kuliona dogo hili mpaka uwe na mastaa wawili. Katika The Towering Inferno ya 1974, Steve McQueen na Paul Newman kila mmoja alitaka awe wa kwanza. Suluhisho lilikuwa kuliweka jina la McQueen kushoto lakini chini kidogo, na la Newman kulia lakini juu kidogo. Ukisoma kuanzia kushoto, McQueen ndiye wa kwanza. Ukisoma kuanzia juu, Newman. Nimeutumia ujanja huu kwa kina dada wawili ambao walikuwa hawasalimiani, na wote wawili walilipokea kava bila neno.

Mwisho, kifungu cha mwenendo: akifanya jambo la kuiharibia filamu sifa kabla haijatoka, una haki ya kupunguza sura yake kwenye matangazo na kusimamisha malipo yaliyobaki. Kiandikwe na mwanasheria. Usikinakili kutoka intaneti.

Hatua ya 4: Vuna matangazo mkiwa bado seti

Siku ya kwanza ya kushuti Mission: Impossible iliyotoka Julai 2023, Tom Cruise alipanda pikipiki, akaiendesha juu ya njia ya kurukia iliyojengwa ukingoni mwa jabali huko Norway, akaruka nayo bondeni na kufungua parachuti. Kamera za filamu zilikuwepo, na kamera nyingine zilikuwa zinarekodi jinsi jambo lile linavyotengenezwa. Desemba 2022 studio ikatoa video hiyo ya maandalizi, zaidi ya nusu mwaka kabla ya filamu. Watu walipofika ukumbini walikuwa wameshaiona ile ruka mara nyingi, na bado walilipa kwenda kuiona.

Wewe huna jabali. Una staa aliyevaa mavazi ya mhusika, amepakwa vipodozi, taa ziko tayari. Hali hiyo hutaipata tena bure. Tenga dakika 40 kila siku aliyopo na umrekodi kwa simu nzuri, ikiwa imesimama wima:

Salamu za mikoa. "Hamjambo Tanga, mimi ni fulani, tukutane tarehe..." Tarehe iache wazi, utaiweka kwa maandishi. Rekodi Tanga, Arusha, Mbeya, Mombasa, Unguja, Lubumbashi, kila mahali ambako filamu inaweza kufika. Sekunde nane nane. Mtu wa Tanga akisikia Tanga imetajwa anaituma kwenye kundi la familia bila kuombwa.

Salamu za vituo vya redio, kwa jina la kipindi na mtangazaji. Watangazaji ni binadamu, wanapenda kusikia majina yao.

Makosa ya kuchekesha: aliyesahau maneno, mbuzi aliyeingia kwenye sini.

Na picha za mnato. Leta mpiga picha halisi kwa siku moja. Picha iliyokatwa kutoka kwenye video haiwi posta nzuri, utaona inavyopasuka ukiitoa ukubwa wa bango.

Hatua ya 5: Posta isiseme uongo mkubwa

Uongo mdogo biashara inauvumilia. Scream ya 1996 ilimtanguliza Drew Barrymore, mwigizaji aliyejulikana kuliko wengi waliokuwemo, na kwenye posta macho yanayokutazama ni yake. Anauawa kwenye sini ya kwanza. Watazamaji hawakukasirika, kwa sababu mshtuko ule ulikuwa sehemu ya raha waliyolipia.

Kuna uongo mwingine unaonuka. Filamu ya 12 Years a Slave, iliyompa Lupita Nyong'o tuzo ya Oscar Machi 2014, ni hadithi ya mtu mweusi aliyetekwa na kufanywa mtumwa, na aliyemwigiza ni Chiwetel Ejiofor. Ilipofika Italia, msambazaji wa kule alitoa posta yenye sura kubwa ya Brad Pitt, ambaye anaonekana muda mfupi tu, na nyingine yenye sura ya Michael Fassbender. Ejiofor alikuwa kakitu kadogo kwa chini, anakimbia. Kelele zikapigwa, kampuni yenye haki za filamu ikasema haikuziidhinisha, posta zikaondolewa. Hesabu ya yule msambazaji ilikuwa ile ile ya Kariakoo: weka sura inayojulikana. Alichosahau ni kwamba kuna hadithi ambazo sura ya kwanza ina mwenyewe.

Kipimo changu: staa wa siku mbili anaweza kuwa kwenye posta, hata kwa ukubwa, ila asimame nyuma au pembeni ya mhusika mkuu, na macho ya mhusika mkuu ndiyo yamtazame mnunuzi. Jina la staa liandikwe juu. Wote wawili wanapata chao.

Kisha ipunguze posta mpaka iwe saizi ya ukucha, uitume WhatsApp, uitazame nje juani kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Ikiwa sura haitambuliki na jina la filamu halisomeki, mrudishie mbunifu. Wabunifu wetu wanapenda moto, helikopta na sura 11 kwenye kava moja. Sura tatu zinatosha.

Hatua ya 6: Wiki sita za kuzungusha

Studio za Marekani zina utaratibu wa mahojiano ambao ukiuona mara ya kwanza utacheka. Chumba cha hoteli, viti viwili, posta imesimamishwa nyuma ya staa, kamera mbili. Mwandishi anaingia, anapewa kama dakika tano, mtu aliyesimama pembeni anamwonyesha vidole kwamba muda umebaki kidogo, anatoka, mwingine anaingia. Staa hasogei pale alipo tangu asubuhi mpaka jioni. Siku moja inazaa mahojiano kadhaa, na kila picha ina jina la filamu nyuma yake.

Huku kwetu tunafanya kinyume. Tunamzungusha staa mjini kwenye foleni, kituo hiki hadi kile, na kufikia saa nane mchana amechoka na anajibu "ni filamu nzuri, watu waje waione". Tafuta ukumbi mdogo, hata chumba cha nyumba ya wageni chenye ukuta msafi, weka posta, waite wote waje kwa zamu za dakika 10. Vipindi vikubwa vya redio, ambavyo lazima aende studioni, vipe siku ile ya akiba. Chakula kiwepo. Waandishi wetu nao ni watu, na maji baridi peke yake yameshaniandikia habari mbili.

Mpe staa mambo matatu ya kusema, yaandike kwenye kadi: kisa kimoja cha seti, kitu kimoja kilichomgusa kuhusu mhusika wake, na tarehe na mahali. Ukimwachia aongee tu, mtangazaji atamvuta kwenye mahusiano yake, na dakika 20 zitaisha filamu haijatajwa.

Mavazi yanatangaza pia. Katika ziara za Barbie, Margot Robbie alivaa nguo zilizofanana na za wanasesere halisi wa Barbie wa miaka mbalimbali, kila mji na nguo yake. London, Februari 2024, Zendaya alitokea kwenye uzinduzi wa Dune amevaa vazi la chuma kama roboti, na picha zake zikafika kwa watu ambao hawakujua kuna Dune ya kwanza. Kwa elfu chache fundi wako wa mtaani anaweza kufanya kazi hiyo. Kama filamu ni ya wavuvi wa Kilwa, staa asije redioni na suti ya harusini. Avae kanga au kikoi cha rangi moja ambayo itaonekana kila mahali wiki zote sita.

Na usisahau nyumbani kwao. Black Panther, ambamo Lupita Nyong'o aliigiza, ilipotoka Februari 2018 ilikuwa na onyesho la uzinduzi Kisumu, mji wa kina Nyong'o, ambako baba yake Lupita ndiye gavana. Dunia nzima iliitazama filamu ile, lakini Kisumu waliitazama kama ya mtoto wao. Staa wako akiwa wa Songea, onyesho moja Songea linaweza kuleta kelele kuliko matatu ya Dar.

Kuna wanaosema mbona Shah Rukh Khan hakutoa mahojiano hata moja kabla ya Pathaan, Januari 2023, na ikavunja rekodi. Kweli. Alikuwa anawajibu mashabiki wake mwenyewe mtandaoni, na alikuwa hajaonekana kama mhusika mkuu kwa miaka minne. Na ni Shah Rukh Khan, ambaye bibi zetu wa Tanga na Unguja wanamwita kwa jina kama mjukuu. Ukiwa na mtu wa namna hiyo, nyamaza. Vinginevyo, kadi ya mambo matatu.

Hatua ya 7: Kuhusu kiki

Mtashawishika. Mtu atakuja na wazo kwamba staa wenu na binti mpya "waonekane" wapenzi mpaka filamu itoke, au "wagombane". Laemmle alifanya kiki ya kifo, nimeshasema. Lakini hadhira yake haikuwa na simu. Yako itagundua kabla ya Ijumaa, na kitakachobaki kichwani mwao ni uongo wenu, jina la filamu watakuwa wamelisahau.

Filamu ya Yesterday ya studio ya Universal, ya 2019, ilimweka mwigizaji Ana de Armas kwenye trela, kisha sini zake zikakatwa kwenye filamu. Mwaka 2022 watu wawili waliokodi filamu mtandaoni, kila mmoja kwa dola 3.99, waliishtaki studio kwamba walilipa kwa ajili yake na hakuwemo. Jaji alikubali kwamba trela ni tangazo la biashara, hivyo sheria za matangazo ya uongo zinaihusu. Funzo kwa mhariri ni hili: ukikata sini za staa, rudi kwenye trela na posta ukamtoe na huko.

Hatua ya 8: Staa akichafuka

Andaa posta mbili tangu mwanzo, yenye staa mbele na isiyo naye mbele. Gharama ya ziada ni ndogo. Mwongozaji Ridley Scott alikuwa ameshamaliza filamu ya All the Money in the World tuhuma za unyanyasaji wa kingono dhidi ya Kevin Spacey, mmoja wa waigizaji wake, zilipolipuka Oktoba 2017. Akamwita Christopher Plummer, akarudia sini zote za Spacey kwa siku zisizofika 10 mwezi Novemba, kwa gharama iliyotajwa kuwa karibu dola milioni 10, na filamu ikatoka Krismasi ile ile. Wewe hutaweza kurudia sini. Posta ya pili utaiweza.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Kibali cha Bodi ya Filamu kama uko Tanzania, au cha KFCB, bodi ya kupanga filamu madaraja, kama uko Kenya, kiwe mkononi kabla hujatangaza tarehe. Gari la matangazo lipite mtaani siku mbili kabla, likiwa na ile salamu ya sauti ya staa. Mpelekee gari staa mwenyewe, mlangoni kwake, na mtu wa kukaa naye tangu mchana. Apige picha na watu kabla filamu haijaanza, kwa sababu ikiisha atakuwa ameshaondoka.

Mlangoni weka mtu na daftari. Kila anayekata tiketi aulizwe, "Umesikia wapi?" Apige kistari tu: redio, Insta, gari, rafiki, staa.

Uzinduzi wangu wa mwisho staa alifika saa moja kabla, nywele zimelipiwa. Vistari vyake vilikuwa vingi kweli. Lakini kulikuwa na safu nyingine ambayo mtu wa daftari aliichora mwenyewe kwa kalamu, akaiandika "mama wa chapati". Nilimwuliza ni nini. Akasema watu wa Manzese wamekuja karibu mtaa mzima kumwona jirani yao, mama ambaye tulimchukua acheze muuza chapati kwa dakika mbili, na ambaye wiki tatu nzima alikuwa akiwaambia wateja wake kila asubuhi tarehe na mahali.

Filamu inayofuata ana sini tisa. Nilipompa mkataba wenye siku nne za kutangaza, aliuchukua akaenda nao nyumbani, akarudi kesho yake na swali moja: hizo siku nne, hasara ya chapati analipa nani?